Mafuta yaliyomo kwenye mwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani. Kwa muda mrefu kina mama walipanda, wakavuna, wakaanika na kuuza. Kuula hawakuula. Leo mwani umeingia jikoni kama kachumbari, juisi, jemu na keki, na unga wake unauzwa kwenye vikopo. Mnunuzi huambiwa una omega-3, mafuta yanayosifiwa kwa moyo na ubongo, tena nyingi. Hapo ndipo maswali haya yanapozaliwa. Nayajibu kwa kirefu kwa sababu mwani ni chakula kizuri na haustahili kusifiwa kwa kitu usichokuwa nacho.

## Mambo ya mwanzo

Mwani una mafuta kweli?

Unayo, lakini ni machache sana. Mwani mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, kati ya asilimia 80 na 90. Ukishakauka, mafuta mara nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wake. Spinosamu na kotonii, aina mbili zinazolimwa Zanzibar, Pemba na Kwale, ziko upande wa chini wa kiwango hicho: karibu asilimia 1, wakati mwingine hata haifiki.

Tulinganishe na vitu vya nyumbani. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na nyama ya nazi iliyokomaa ni karibu theluthi. Gramu 10 za mwani mkavu, ambazo ukiziloweka zinajaza bakuli, zina mafuta kama gramu 0.1.

Mbona mwani unateleza mkononi? Ule ute si mafuta?

Si mafuta. Utelezi ule unatokana na nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Kwenye spinosamu na kotonii nyuzinyuzi hizo huitwa karajinani, na ndizo viwanda vya nje vinazonunulia mwani wetu, ili vigandishe aiskrimu, dawa ya meno na vyakula vya kopo. Kwenye mwani wa kahawia ni aljinati.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Chemsha mwani, acha maji yapoe. Yatakuwa mazito kama uji mwepesi au yataganda, lakini hutaona tone la mafuta likielea juu.

Basi hayo mafuta machache yamekaa wapi?

Kwenye utando wa seli. Karanga, ufuta na nazi huweka mafuta kama akiba, chakula cha mche utakaoota. Mwani hauna mbegu ya kulisha hivyo. Akiba yake ni ya wanga, na mafuta yake ni sehemu ya kuta laini zinazozunguka seli, hasa ndani ya kloroplasti, mahali mwanga wa jua unapogeuzwa kuwa chakula. Mengi yamefungamana na sukari au fosifeti, tofauti na mafuta ya chupa unayokaangia.

Jambo hili linaeleza mengi yanayofuata. Utando wa seli lazima ubaki laini hata maji yakiwa baridi, na mafuta yanayobaki laini kwenye baridi ndiyo yale madaktari wanayoyasifia.

Naweza kukamua mafuta ya mwani kama ninavyokamua ya nazi?

Hapana. Akiba ya kukamua haipo. Maabara huyatoa kwa kemikali za kuyeyusha, na kilo nzima ya mwani wetu mkavu ingekupa kiasi cha vijiko viwili vitatu vya chai.

Chupa za "mafuta ya mwani" zinazouzwa kwa kuchua mwili kwa kawaida ni mafuta ya nazi au mengineyo yaliyolowekwa mwani. Sabuni ya mwani vilevile: mafuta yake ni ya nazi au mawese, mwani umetiwa kwa ajili ya ngozi. Hakuna ubaya wowote, na kina mama wengi wamejipatia riziki nzuri humo. Ila usiyanywe ukidhani unakunywa omega-3.

## Aina za mafuta yaliyomo

EPA, DHA na ALA ni vitu gani?

Zote tatu ni asidi za mafuta za kundi la omega-3. ALA hutoka zaidi kwenye mimea ya nchi kavu, hasa mbegu za kitani na chia. EPA na DHA hutoka baharini. Mwili unaweza kutengeneza EPA kutokana na ALA, lakini kwa kiasi kidogo, na DHA kwa kiasi kidogo zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa lishe huzihesabu kando. DHA inahitajika kwenye ubongo na jicho. EPA inahusika na moyo, mishipa na namna mwili unavyotuliza uvimbe.

Mwani una ipi kati ya hizo?

Inategemea rangi ya mwani, na hapa rangi si pambo, ni ukoo.

Mwani mwekundu, ambao ndiko zilipo nori ya Wajapani pamoja na spinosamu na kotonii zetu, una EPA, asidi ya arakidoniki ya omega-6, kundi jingine la asidi za mafuta, na asidi ya palmitiki. Nori ndiyo bingwa wa EPA: inaweza kufika nusu ya asidi zake zote za mafuta. Usishangae spinosamu kuitwa mwekundu ilhali ya shambani mwako ni ya kahawia au ya kijani. Ukoo wake ni huo, rangi hubadilika.

Mwani wa kahawia, kama wakame na kombu za Japani na Korea, una EPA, ALA na asidi ya stearidoniki, ambayo mwili huigeuza kuwa EPA kwa urahisi kuliko ALA. Una pia fukozanthini, rangi yake ya kahawia, inayoyeyuka kwenye mafuta.

Mwani wa kijani, ule mwembamba kama jani la saladi unaoshika kwenye mawe maji yakipwa, uko karibu na mboga za majani: una ALA kuliko EPA.

Na DHA?

Karibu hamna. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wanunuzi wanapopotoshwa zaidi. Kwenye vidonge vya "omega-3 ya mwani" vyenye DHA hakuna mwani huu tunaoulima kwa kamba na vigingi. DHA hiyo imetengenezwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinavyokuzwa kwenye matangi. Ni viumbe wa namna hiyo wanaompa hata samaki DHA yake: samaki hula vijidudu vilivyowala viumbe hao, naye anaihifadhi mwilini. Kidonge ni halali na ni kizuri kwa asiyekula samaki, ila jina la mwani limeazimwa.

Mwani wetu una omega-3 sawa na nori au wakame?

Hapana, na kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni aina. Spinosamu na kotonii zimejaa karajinani, mafuta yamebanwa pembeni.

Ya pili ni baridi ya maji. Mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi ya kipupwe, ila mafuta ya samaki hayagandi hata kwenye friji, kwa kuwa yamejaa asidi zisizoshiba, na omega-3 ndizo zisizoshiba kuliko zote. Mmea unaoishi kwenye bahari baridi ya kaskazini mwa Japani ukiwa na mafuta ya kuganda, utando wake utakakamaa na utakufa, kwa hiyo hujitengenezea omega-3 kwa wingi. Maji ya Zanzibar huwa kama nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima. Mwani wetu hauna haja hiyo. Hata jamii moja ya mwani ikikulia kwenye maji ya baridi huwa na omega-3 nyingi kuliko ikikulia kwenye joto.

Kwa hiyo karatasi inayonukuu kiwango cha EPA cha nori ili kuuza unga wa spinosamu haimtendei haki mnunuzi.

Nimesoma kwamba mwani una mafuta yaliyoshiba. Ni hatari?

Asidi ya palmitiki, iliyo nyingi kwenye mawese na iliyopata jina lake kwa mchikichi, ni sehemu kubwa ya mafuta ya mwani, na kwenye spinosamu na kotonii mara nyingi ndiyo inayoongoza. Lakini ni sehemu kubwa ya kitu kidogo mno. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kina mafuta yaliyoshiba mengi kuliko mwani utakaokula wiki nzima.

Una lehemu (kolesteroli)?

Mwani wa kahawia na wa kijani una vitu vinavyofanana na lehemu, kama fukosteroli, ambavyo mwili hauvifyonzi sana. Mwani mwekundu ni ajabu kidogo: aina nyingi zake zina lehemu yenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa viumbe vinavyoishi kama mimea. Ila kiasi ni kidogo mno, huwezi kukilinganisha na yai au pweza. Na karajinani, aljinati na nyuzinyuzi nyingine za mwani hushika sehemu ya nyongo tumboni na kutoka nayo, jambo linalosaidia kupunguza lehemu ya damu. Ukiwa na tatizo la lehemu, hizo nyuzinyuzi ndizo faida yako, kuliko mafuta yake.

## Kiasi cha kula

Nile mwani kiasi gani nipate omega-3 ya kutosha?

Kipimo kinachotumiwa Ulaya kwa mtu mzima ni miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Tupige hesabu.

Karatasi moja ya nori ya kufungia wali ina uzito wa gramu 3 hivi, na ndani yake kuna EPA kama miligramu 20. Utahitaji karatasi 12 au 13 kila siku, na bado hujapata DHA.

Wakame mbichi gramu 100 ina EPA kama miligramu 186. Hiyo ni nyingi. Kufikia 250 utakula kama gramu 135. Tatizo ni chumvi: gramu 100 za wakame mbichi zina sodiamu miligramu 872, kwa hiyo utakuwa umemeza zaidi ya miligramu 1,100, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu asipite 2,000 kwa siku nzima. Kuiloweka hupunguza chumvi, ndivyo wapishi wa Japani wanavyofanya, lakini madini nayo hutoka.

Spinosamu na kotonii sizipigii hesabu. Kiasi ambacho ungehitaji hakiliki.

Upande wa pili, gramu 100 za sadini za kopo zina EPA na DHA karibu gramu 1 kwa pamoja. Dagaa na vibua wa soko la Malindi au Feri ni wa mwelekeo huohuo, na bei zake unazijua. Mtu wa pwani anayetaka omega-3 aende kwa dagaa, mwani aule kwa ajili ya nyuzinyuzi, madini na ladha.

Mimi sili samaki kabisa. Mwani hautanisaidia?

Nori na wakame zitakusaidia kidogo, kwa sababu zina EPA ambayo mboga za nchi kavu hazina. Tegemeo lako liwe mbegu za chia au kitani kwa ajili ya ALA; mapendekezo ya Marekani ni gramu 1.6 kwa mwanamume na 1.1 kwa mwanamke kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha chia kinafikisha hapo. Kwa DHA, yapo yale mafuta ya viumbe vidogo niliyoyaeleza kwenye swali la DHA.

Mwani una kalori nyingi?

Hapana. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, na bakuli lile la mwanzo lilikuwa na mafuta gramu 0.1. Kalori za mwani zatoka kwengine, nazo pia ni chache.

Utanisaidia kupunguza uzito?

Nyuzinyuzi zake hushibisha, hilo ni kweli. Fukozanthini ya mwani wa kahawia ilipunguza mafuta ya mwili kwa panya wa maabara, na ndiyo chanzo cha matangazo unayoyaona. Lakini panya walipewa dozi iliyochujwa kutoka kwenye mwani, si mwani wa kula. Na spinosamu na kotonii hazina fukozanthini.

## Jikoni na ghalani

Kupika kunaharibu mafuta ya mwani?

Kuchemsha kwa dakika chache hakuharibu kitu cha maana. Moto mkali wa muda mrefu na kukaanga kwenye mafuta mengi ndiko kunakochoma asidi zisizoshiba.

Ni kweli mwani uliwe pamoja na mafuta mengine?

Kweli, na hili ndilo jibu ninalotamani kila mpishi alishike. Mwani una rangi na vitamini zinazoyeyuka kwenye mafuta: beta-karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, luteini, vitamini E, vitamini K. Zikifika tumboni bila mafuta, sehemu kubwa hupita na kutoka. Na mafuta ya mwani wenyewe hayatoshi kuzibeba.

Kina mama wanaopika mwani kwa tui la nazi wanafanya sawasawa. Namna ninayoipenda ni hii: osha mwani kwa maji baridi mara tatu nne mpaka mchanga na chumvi viishe, umwagie maji ya moto kwa dakika moja, ukatekate, kisha uchanganye na kitunguu, nyanya, pilipili, ndimu na vijiko viwili vya tui zito. Parachichi nalo linafaa, au karanga zilizotwangwa.

Kuanika juani kunapunguza ubora?

Kunapunguza. Jua, hewa na joto ndio maadui watatu wa omega-3 na karotini. Mwani uliokaa juani siku kadhaa hadi ukapauka kuwa mweupe umepoteza rangi zake, na rangi hizo ndizo zilizokuwa vitamini. Kwa mnunuzi wa karajinani si hoja, yeye anataka mwani mkavu usio na mchanga. Kwa chakula ni hoja kubwa.

Ukianika kwa kula, weka juu ya chanja, usitandaze mchangani, chini ya kivuli chenye upepo. Ukiwa na chandarua cheusi, kitundike juu. Utachukua siku zaidi kukauka, hasa wakati wa masika, lakini utaona tofauti kwa macho.

Nihifadhi vipi?

Kwenye chombo kinachofunga kweli, gizani, pasipo unyevu. Unga huharibika upesi kuliko mwani mzima kwa kuwa hewa inaufikia kila upande, basi saga kidogo kidogo. Mafuta ya mwani yakichacha hunuka kama rangi ya mafuta au samaki wa juzi. Harufu ya bahari ni ya kawaida. Hiyo nyingine, tupa.

Nori za vitafunwa dukani zimeandikwa mafuta mengi. Mbona?

Zimepakwa mafuta ya ufuta au ya mahindi kabla ya kubanikwa. Mafuta ya kwenye lebo ni hayo. Nori ya kufungia wali haina mafuta ya kuongezwa.

## Maswali ya hali maalumu

Mimi ni mjamzito. Nile mwani kwa ajili ya ubongo wa mtoto?

Omega-3 inayohitajika sana kwenye ubongo wa mtoto ni DHA, na mwani hauna. Kula dagaa na samaki wadogo mara mbili kwa wiki.

La kuangalia kwa mjamzito ni madini joto. Unahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kuvuka mikrogramu 1,000, na ukizidisha kila siku unaweza kuivuruga tezi ya shingo yako na ya mtoto. Chumvi ya Tanzania na Kenya tayari hutiwa madini joto. Basi kombu na supu zake ziache mpaka ujifungue, na unga wa mwani usioonyesha kiasi cha madini joto usiutumie kila siku. Nori katika mlo wa mara moja moja haina shida.

Nina tatizo la tezi ya shingo.

Soma jibu lililotangulia, halafu zungumza na daktari wako kabla ya kuanza, iwe tezi inafanya kazi kupita kiasi au pungufu.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Vitamini K ya kwenye mwani, hasa nori na wakame, hupinga kazi ya dawa hiyo. Ukila leo sana, kesho usile, kipimo chako cha damu kitayumba. Ama uwe unakula kiasi kilekile siku zote na kliniki wajue, ama uache.

Hijiki ni mwani gani, na kwa nini watu wanauogopa?

Ni mwani mweusi mwembamba wa Japani, wa ukoo wa kahawia. Una aseniki ya aina yenye sumu kwa wingi, na Uingereza ilishauri wananchi wake mwaka 2004 wasiule. Nami nashauri hivyohivyo.

Spirulina je, si mwani?

Spirulina ni bakteria wa rangi ya kijani-buluu. Jamaa zake huota zenyewe kwenye maziwa ya magadi kama Bogoria na Natron, na ndizo chakula cha heroe. Ina mafuta zaidi ya mwani, kama asilimia 8 ikiwa kavu, lakini yenye sifa ni asidi ya gama-linoleniki, ambayo ni omega-6. EPA na DHA usizitafute humo.

Naweza kumtilia mtoto unga wa mwani kwenye uji?

Mtoto mdogo anahitaji mafuta mengi na nishati nyingi katika tumbo dogo. Mwani unampa kinyume chake: unajaza tumbo, hauna mafuta, una chumvi. Uji wake utie karanga iliyosagwa laini, tui, au unga wa dagaa. Akishazoea chakula cha wakubwa, ale kachumbari ya mwani mezani pamoja nanyi, kiasi anachokitaka.

Nauza unga wa mwani. Niandike nini kwenye kikopo?

Andika aina ya mwani, mahali ulipovunwa na tarehe ya kusaga. Andika kwamba una nyuzinyuzi na madini. Ukitaka kuandika omega-3, peleka sampuli ya unga wako mwenyewe maabara upate namba yake kwa kila kijiko. Namba ya nori ya Japani si yako. Mteja anayerudi mara ya pili ni yule aliyekuta ndani ya kikopo kile alichosoma nje.